Mbingu kwa Dhiraa: Jinsi Umbali wa Nyota Ulivyogeuzwa kuwa Vipimo vya Kale

Katika vitabu vya kale vya falaki, yaani elimu ya mwendo wa Jua, Mwezi na nyota, umbali wa vitu vya angani huandikwa kwa namna mbili ambazo mara nyingi hukaa pamoja katika ukurasa mmoja. Namna ya kwanza ni uwiano: Mwezi husemwa kuwa mbali na Dunia kwa nusukipenyo 60 za Dunia, nusukipenyo ikiwa ni mstari utokao katikati ya duara hadi ukingoni mwake. Namna ya pili ni ya vipimo vilivyotokana na mikono, miguu na mwendo wa watu, kama vile stadio za Wayunani, dhiraa, maili na farsakhi za Waarabu, na yojana za Wahindi. Uwiano hupatikana kwa kutazama pembe, vivuli na kupatwa kwa Mwezi, na mtu anaweza kuupata bila kujua Dunia yenyewe ina ukubwa gani. Lakini kuugeuza uwiano huo kuwa dhiraa au maili hudai kitu kisichokuwapo angani, nacho ni kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba na kuhesabiwa kwa kipimo ambacho urefu wake unajulikana kwa hakika. Historia ya ugeuzaji huo inaonyesha kwamba uwiano ulipita salama kutoka lugha moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka 1,000, ilhali urefu wa vipimo ulipotea njiani, hata ikawa kwamba anayetaka kuwatendea haki wanafalaki wa kale hana budi kutenganisha makosa yao wenyewe ya pembe na makosa ya wale waliozisoma dhiraa zao kana kwamba zilikuwa mikono ya watu wengine.

Miongoni mwa Wayunani uwiano ulitangulia. Aristarchus wa Samos, katika karne ya 3 K.K., alikadiria kwamba Jua liko mbali na Dunia kati ya mara 18 na mara 20 ya umbali wa Mwezi, akitumia pembe iliyopo kati ya Jua na Mwezi wakati Mwezi unapoangazwa nusu kamili. Aliichukulia pembe hiyo kuwa digrii 87, ilhali kwa kweli imepungua digrii 90 kwa chini ya sehemu moja ya sita ya digrii, na kwa sababu hiyo Jua lake likawa karibu mno. Katika kitabu chake hakuna vipimo vya ardhini. Kila kitu ni mara ngapi ya kitu kingine.

Archimedes wa Siracusa, aliyeishi karne hiyohiyo, ndiye aliyeunganisha ncha mbili za mnyororo kwa ujasiri ambao hadi leo unastahili kusomwa kwa heshima. Katika maandishi aliyomwelekezea Mfalme Gelon alikusudia kuonyesha kwamba hesabu inaweza kutaja namba kubwa kuliko idadi ya chembe za mchanga ambazo zingeujaza ulimwengu mzima, na ili afike huko ilimbidi ajenge ngazi ya vipimo kutoka chini kabisa. Alichukulia kwamba mbegu moja ya mmea wa afyuni haiwezi kuzidi chembe 10,000 za mchanga, kwamba upana wa kidole hauzidi mbegu 40 zilizopangwa kwa safu, na kwamba stadio moja ni chini ya vidole 10,000. Kisha akaupa mzingo wa Dunia stadio 3,000,000, mara kumi ya makadirio aliyoyajua, ili asije akashtakiwa kwamba amepunja, na akafikia hoja kwamba kipenyo cha ulimwengu, kwa maana ya tufe ambalo Dunia iko katikati yake na Jua ukingoni, ni chini ya stadio 10,000,000,000. Hakuwa akipima, alikuwa akiweka mipaka ya juu. Hata hivyo ngazi yake ni mfano kamili wa kazi yote iliyofuata, kwa kuwa inaanza na kidole cha mtu na kuishia kwenye Jua bila kuruka hata hatua moja.

Aliyepima ni Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Iskanderia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 2 K.K. Inajulikana kwamba alilinganisha kivuli cha adhuhuri cha Iskanderia, katika siku ndefu kuliko zote za kiangazi, na hali ya Syene, mji ambao sasa ni Aswan, ambako siku hiyo Jua husimama utosini, akapata kwamba tofauti ni sehemu moja ya 50 ya duara. Na kwa kuwa umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadio 5,000, mzingo wa Dunia ukawa stadio 250,000, namba ambayo baadaye ilifanywa 252,000 ili kila digrii ipate stadio 700 kamili. Tatizo halikuwa katika pembe. Stadio ni futi 600, lakini futi za Wayunani hazikuwa na urefu mmoja katika miji yote: uwanja wa mbio wa Olimpia una urefu wa takriban mita 192, stadio ya Athene hukadiriwa kuwa mita 185, na wako wataalamu ambao, kwa kutegemea maneno ya mwandishi Mrumi Pliny, wameipa stadio ya Eratosthenes mita 157.5. Kwa stadio ya Athene mzingo wake wa Dunia ni kilomita 46,620, na kwa stadio fupi ni kilomita 39,690, ambazo zinakaribia sana ukweli wa kilomita 40,008 unaopatikana kwa kupita kwenye ncha mbili za Dunia. Kumsifu Eratosthenes kwa usahihi wa ajabu, au kumlaumu kwa kosa la karibu sehemu moja ya sita, kunategemea stadio iliyochaguliwa na msomaji, na mara nyingi stadio fupi imechaguliwa kwa sababu inatoa jibu zuri. Hiyo si njia salama ya kuandika historia.

Mwanafalsafa Posidonius alipima upya katika karne ya 1 K.K. kwa nyota Suheli, ambayo mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua kama nyota ya kusini, akilinganisha kimo chake huko Rodo na Iskanderia. Namba za mzingo wa Dunia zilizopokewa kutoka kwake ni mbili, stadio 240,000 na stadio 180,000, na ya pili ndiyo iliyochukuliwa na Ptolemy, mwanafalaki wa Iskanderia wa karne ya 2 ambaye Waarabu walimwita Batlamyus.

Mchango wa Ptolemy katika jambo hili una sehemu mbili. Katika kitabu chake kikuu, ambacho kwa Kiarabu kilijulikana kama al-Majisti, alihesabu kwamba Mwezi mpevu na Mwezi mwandamo huwa mbali kwa wastani wa nusukipenyo 59 za Dunia na kwamba Jua liko mbali kwa nusukipenyo 1,210. Katika kitabu cha pili, kilichohusu nadharia za sayari, alishikilia kwamba maumbile hayana nafasi tupu, hivyo kila sayari ina tufe lake lenye unene, na ukingo wa nje wa tufe moja ndio ukingo wa ndani wa tufe linalofuata. Kwa kuwa unene wa kila tufe ulitokana na tofauti kati ya mahali sayari inapokaribia na mahali inapokuwa mbali, ilitosha kujua umbali wa Mwezi ili ngazi nzima ipandwe: Utaridi juu ya Mwezi, kisha Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali, hadi kwenye nyota zisizohama, katika umbali wa karibu nusukipenyo 20,000. Baada ya hapo alifanya ugeuzaji. Kwa mzingo wa stadio 180,000 nusukipenyo ya Dunia ilikuwa takriban stadio 28,667, na mpaka wa nyota ukafika zaidi ya stadio milioni 569. Sehemu hiyo ya kitabu haikusalia kwa Kiyunani. Ilihifadhiwa katika tafsiri ya Kiarabu na ya Kiebrania, na wasomi wa leo waliifahamu vizuri tu baada ya Bernard Goldstein kuichapisha mwaka 1967.

Tafsiri hizo za Kiarabu ndizo zilizoibua swali ambalo Wayunani wenyewe hawakulijibu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdadi kuanzia mwaka 813 hadi 833 na kuwakusanya wafasiri na wanahesabu, alikuta katika vitabu kwamba mzingo wa Dunia ni stadio elfu kadhaa. Habash al-Hasib, mwanafalaki wa zama hizo ambaye habari zake zilinukuliwa na msomi al-Biruni wa karne ya 11, anaeleza kwamba khalifa aliwauliza wafasiri maana ya stadio, nao wakatofautiana. Badala ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yao, aliagiza Dunia ipimwe upya kwa kipimo ambacho kila mtu wa Baghdadi alikifahamu. Uamuzi huo unafaa kuhesabiwa miongoni mwa mambo makubwa ya historia ya elimu, kwa kuwa ulikiri wazi kwamba namba isiyojulikana kipimo chake si habari.

Wapimaji walipelekwa katika uwanda wa Sinjar, magharibi ya Mosul, mahali palipo tambarare kati ya mito Hidekeli na Furati. Baadhi ya mapokeo yanataja pia kipimo kilichofanywa kati ya Tadmur na Raqqa katika nchi ya Shamu. Waliohusika ni pamoja na Khalid ibn Abd al-Malik wa Marwarrudh na Ali ibn Isa, fundi mashuhuri wa asturlabu, yaani chombo cha kupimia vimo vya nyota. Njia yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: walipima kimo cha ncha ya kaskazini ya anga mahali walipoanzia, wakagawanyika, kundi moja likaelekea kaskazini na lingine kusini kwa mstari ulionyooka, wakichomeka vigingi na kunyoosha kamba, hadi kimo hicho kilipopanda au kushuka kwa digrii moja kamili, kisha wakahesabu kamba walizozitumia. Matokeo yaliyopokewa ni maili 56, 56 na robo, au 56 na theluthi mbili kwa digrii moja, na hii ya mwisho ndiyo iliyoenea. Maili ilikuwa dhiraa 4,000, dhiraa ilikuwa vidole 24, na kidole kilikuwa punje 6 za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu.

Ahmad ibn Muhammad ibn Kathir al-Farghani, mzaliwa wa Fergana katika Uzbekistan ya sasa, ndiye aliyeichukua digrii ya Sinjar akaipandisha hadi juu ya Zohali. Kitabu chake cha muhtasari wa elimu ya nyota, chenye milango 30, kiliandikwa kwa wasomaji wasiokuwa mabingwa wa hesabu, na kwa sababu hiyo kilisomwa kuliko vitabu vyote vya aina yake. Maili 56 na theluthi mbili zikizidishwa kwa digrii 360 hutoa mzingo wa maili 20,400. Kipenyo basi ni karibu maili 6,500, na nusukipenyo ni maili 3,250. Baada ya hapo kazi ilikuwa kuzidisha tu. Mwezi unapokuwa karibu kabisa uko nusukipenyo 33 na nusu na sehemu moja ya 20, sawa na maili 109,037 na ushei, na unapokuwa mbali kabisa uko nusukipenyo 64 na sehemu moja ya sita, sawa na maili 208,542. Utaridi hufika hadi maili 542,750 na Zuhura hadi maili 3,640,000, ambapo ndipo tufe la Jua linapoanzia, kwa maana al-Farghani aliliziba pengo ambalo hesabu za Ptolemy zilikuwa zimeliacha kati ya Zuhura na Jua. Mwisho wa Jua ni maili 3,965,000, wa Mirihi 28,847,000, wa Mshtarii 46,816,250, na wa Zohali 65,357,500, ambao pia ndio umbali wa nyota zisizohama.

Namba hizi zinastahili kusomwa polepole, maana ukweli na kosa vimekaa ndani yake bega kwa bega. Ikiwa maili ya Sinjar itachukuliwa kuwa na urefu unaokaribia kilomita 1.97, kama hesabu ya dhiraa fupi inavyoruhusu, basi umbali mkubwa kabisa wa Mwezi ni takriban kilomita 411,000, ilhali vipimo vya leo vinauweka karibu na kilomita 406,000. Ni vigumu kuamini kwamba jibu hilo lilitokana na kamba na vigingi. Umbali mdogo kabisa, kwa upande wake, ni kilomita 215,000 tu, wakati Mwezi wa kweli haukaribii Dunia chini ya kilomita 356,000, na kosa hilo linatoka moja kwa moja katika mfano wa Ptolemy, uliolazimika kuukaribisha Mwezi mno ili mwendo wake ulingane na ulivyoonekana. Kuhusu Jua, kosa ni la karibu mara 20, na hilo halihusiani na dhiraa yoyote. Ni kosa la pembe ndogo isiyoonekana kwa jicho, ambalo Aristarchus alilianzisha na ambalo njia ya Ptolemy ya kutumia kivuli cha Dunia haikuweza kulirekebisha. Ulimwengu mzima wa al-Farghani, pamoja na nyota zake zote, una nusukipenyo 20,110 za Dunia, na Jua la kweli liko mbali kwa takriban nusukipenyo 23,500.

Lakini dhiraa yenyewe ilikuwa na urefu gani? Waandishi wanaitaja kwa jina la dhiraa nyeusi. Al-Mawardi, mwanasheria wa Baghdadi aliyefariki mwaka 1058, aliorodhesha aina saba za dhiraa zilizotumika katika dola, akaeleza kwamba dhiraa nyeusi iliwekwa na Harun al-Rashid kutokana na mkono wa mtumishi mweusi aliyekuwa akisimama mbele yake, na kwamba hiyo ndiyo iliyotumika kupimia vitambaa, bidhaa, majengo na maji ya Mto Nili. Kutajwa kwa Nili ni muhimu sana, kwa sababu mnara wa kupimia kina cha mto huo, uliojengwa mwaka 861 katika kisiwa cha Roda huko Kairo, bado upo, na nguzo yake ya katikati ina alama za dhiraa ambazo urefu wake ni wastani wa sentimita 54. Mapokeo ya historia ya Misri yanamtaja al-Farghani kuwa ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Iwapo dhiraa ya nguzo hiyo ndiyo dhiraa ya Sinjar, digrii ya al-Ma'mun ina kilomita 122 na nusu, na imezidi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Iwapo wapimaji walitumia dhiraa ya kisheria ya takriban sentimita 49.3, digrii hiyo ina kilomita 111.8, na kosa lake halifiki sehemu moja ya mia. Mtaalamu wa Kitaliano Carlo Nallino aliitetea dhiraa fupi, na hoja yake ina nguvu. Hata hivyo linabaki jambo la kutahadharisha kwamba mtu mmoja, ambaye huenda aliishika nguzo ya dhiraa kwa mikono yake na ambaye aliandika umbali wa nyota kwa dhiraa, hakuona haja ya kuwaeleza wasomaji dhiraa hiyo ilikuwa na urefu gani, kwa kuwa kwake jambo hilo lilikuwa dhahiri.

Mfano wa Wahindi unathibitisha jinsi uwiano unavyodumu hata pale kipimo kinapobadilika. Aryabhata, aliyeandika mwaka 499, aliipa Dunia kipenyo cha yojana 1,050 na mzunguko wa Mwezi yojana 216,000, akahesabu kila dakika ya pembe, ambayo ni sehemu ya 60 ya digrii, kuwa yojana 10 katika njia ya Mwezi. Kitabu cha Surya Siddhanta kinaipa Dunia kipenyo cha yojana 1,600 na mzunguko wa Mwezi yojana 324,000, yaani yojana 15 kwa dakika. Anayezilinganisha namba hizo bila kufikiri ataona kwamba wasomi hao hawakupatana hata kidogo. Lakini akigawanya, atapata kwamba Mwezi wa Aryabhata uko mbali kwa nusukipenyo 65 na nusu za Dunia na ule wa Surya Siddhanta kwa nusukipenyo 64 na nusu. Kilichotofautiana ni yojana. Aryabhata aliihesabu yojana kuwa vimo 8,000 vya mtu, na kimo cha mtu kuwa mikono 4, sawasawa na pima ya Waswahili ambayo nayo huhesabiwa mikono 4. Na al-Biruni, alipoandika kitabu chake juu ya India mnamo mwaka 1030, aliigeuza yojana kuwa maili 8, ambazo ni dhiraa 32,000. Al-Biruni huyohuyo, akiwa katika ngome ya Nandana huko Punjab, aliipima Dunia kwa njia yake mwenyewe: alipima kimo cha mlima, akakipata kuwa dhiraa 652, kisha akapima jinsi upeo wa macho unavyoshuka chini ya mstari wa usawa ukitazamwa kutoka kileleni, akapata dakika 34 za pembe, na kutokana na namba hizo mbili akafikia digrii ya takriban maili 56, akaridhika kwamba watu wa al-Ma'mun hawakukosea sana.

Kwa watu wasiokuwa wanahesabu, maili milioni 65 hazina maana, na hivyo ukazuka ugeuzaji wa tatu, wa siku za safari. Katika mapokeo ya Kiyahudi na ya Kiislamu ulitajwa mwendo wa miaka 500 kati ya ardhi na mbingu ya kwanza. Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi wa Kairo anayejulikana pia kama Maimonides, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kwamba kutoka katikati ya Dunia hadi kileleni mwa tufe la Zohali ni safari ya miaka 8,700, kila mwaka ukiwa na siku 365 na kila siku ikiwa na mwendo wa maili 40 za kisheria zenye dhiraa 2,000 kila moja. Hesabu hiyo inatoa dhiraa bilioni 254, na maili za al-Farghani hadi Zohali, zikizidishwa kwa dhiraa 4,000, zinatoa bilioni 261. Tofauti haifiki sehemu tatu kwa mia, jambo linaloonyesha kwamba miaka 8,700 haikuwa lugha ya mafumbo bali ilitokana na jedwali la wanafalaki. Shabaha ya Maimonides ilikuwa kumwonyesha binadamu udogo wake mbele ya kazi ya Mungu, na kwa shabaha hiyo hatua za msafiri zilifaa kuliko nusukipenyo.

Kitabu cha al-Farghani kilifasiriwa kwa Kilatini na Johannes wa Seville mwaka 1135, na tena na Gerard wa Cremona baadaye katika karne hiyohiyo. Mshairi Dante alikitegemea, na mwanafalsafa Roger Bacon aliziingiza namba zake katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1267. Maili zilivuka zikiwa na namba zao lakini bila dhiraa zao, na hasara yake ilionekana hadharani katika karne ya 15, pale Christopher Columbus alipozisoma maili 56 na theluthi mbili katika kitabu cha Pierre d'Ailly na kuandika pembeni mwa kurasa kwamba ndizo sahihi. Alizielewa kuwa maili za Kiitaliano, ambazo zina urefu wa karibu mita 1,480, na kwa hesabu hiyo digrii ilipungua hadi kilomita 84 na Dunia ikapoteza karibu robo ya mzingo wake. Wasomi wa Hispania waliompinga walikuwa na haki kuhusu ukubwa wa bahari. Kosa lililomtia Columbus moyo wa kwenda magharibi mwaka 1492 halikuwa la al-Farghani wala la Sinjar.

Katika Bahari ya Hindi mabaharia walikwenda kinyume cha njia ya wanafalaki, kwa kuwa wao walitumia kidole kupima anga ili wapate umbali wa baharini. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar aliyeandika katika karne ya 15 na ambaye mojawapo ya tungo zake inaeleza njia ya pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, alipima vimo vya nyota kwa isba, yaani kidole, na duara zima lilihesabiwa kuwa isba 224. Chombo chao kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, kilichoshikwa mbele ya jicho ili ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota. Jahazi likienda kaskazini au kusini hadi nyota ikapanda au kushuka kwa isba moja, limekwenda zamu 8, kila zamu ikiwa ni mwendo wa saa 3. Kusini ya ikweta, ambako Nyota ya Kaskazini huzama, nyota nyingine zilishika nafasi yake, na kwa hiyo Kilwa na Mombasa nazo zilikuwa na vidole vyake. Umbali wa nyota zenyewe haukuwahusu mabaharia. Waliridhika kwamba kidole kimoja cha anga kina urefu maalumu juu ya maji.

Pwani hiyohiyo imekihifadhi kipimo cha al-Farghani katika jambo la kila siku. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na msafiri wao huruhusiwa kupunguza sala anapokusudia safari ya burudi 4, ambazo ni farsakhi 16, ambazo ni maili 48 za Kihashimi. Wanazuoni wanaozigeuza maili hizo kuwa kilomita hutoa majibu tofauti, mengi yakiwa kati ya 80 na 90, na sababu ya tofauti ni ileile ya Sinjar: maili ina dhiraa ngapi, na dhiraa ina urefu gani. Farsakhi yenyewe haina mgogoro, kwa kuwa kila mtu anakubali kwamba ni maili tatu.

Barani Ulaya mnyororo ulianza kurekebishwa katika karne ya 17, kwanza chini na kisha juu. Jean Picard alipima digrii karibu na Paris mwaka 1669 na 1670, akapata tuazi 57,060, tuazi ikiwa kipimo cha Kifaransa cha futi 6. Mwaka 1672 Jean Richer aliitazama Mirihi kutoka Cayenne, Amerika ya Kusini, wakati Giovanni Cassini akiitazama kutoka Paris, na tofauti ndogo ya mahali ilipoonekana ikawawezesha kuliweka Jua mbali kwa zaidi ya nusukipenyo 21,000 za Dunia. Kosa la karne 19 likaondoka, na safari hii namba ya tuazi ilikuwa na kipande cha ardhi kinachojulikana na kipimo cha chuma kilichohifadhiwa. Kisha Wafaransa waligeuza utaratibu wenyewe: badala ya kuipima Dunia kwa mkono wa mtu, waliamua kipimo kitokane na Dunia, na mita iliyotangazwa mwaka 1799 ilikusudiwa kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya safari kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, kwa kazi ya Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain waliopima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona.

Hata hivyo mgawanyiko wa zamani kati ya uwiano na kipimo uliendelea kuwapo. Kwa muda mrefu wanafalaki walijua kwa usahihi mkubwa Mshtarii iko mbali mara ngapi kuliko Jua, bila kuwa na uhakika kama huo kuhusu kilomita zake, ndiyo maana umbali wa Dunia na Jua ukafanywa kipimo chenye jina lake, kipimo cha kifalaki. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliamua kwamba kipimo hicho ni mita 149,597,870,700 kamili, wala si zaidi wala pungufu. Kwa dhiraa ya nguzo ya Roda hizo ni zaidi ya dhiraa bilioni 276, na kwa dhiraa ya kisheria ni takriban bilioni 303. Kwa dhiraa yoyote itakayochaguliwa kati ya hizo mbili, Jua liko nje ya mpaka ambao al-Farghani aliuwekea nyota, dhiraa bilioni 261 na milioni 430.